Pete-muhuri ya "Abraxas" ya pauni 165: nimeinunua, nimeipima kwa unga wa mahamri, nimeirudisha

Naanza na bei manake ndio kitu kila mtu huniuliza. Pauni 165, na posta pauni 6.50 juu yake, kwa pete moja ya bronzi yenye uso wa duara upana wa milimita 19, kwenye tangazo imeandikwa ni muhuri wa kale wa Wagnostiki, vikundi vya dini vya zamani nitakavyovieleza mbele, Misri ya Kirumi, karne ya 2 mpaka ya 3. Jina la duka sitalitaja, hela yangu nisharudishiwa na ugomvi wangu nao umekwisha, lakini pete kama hii inauzwa na maduka chungu nzima mtandaoni, picha zile zile, maneno yale yale, na kila baada ya wiki mbili tatu naona mtu anauliza kama ni ya kweli au feki. Basi naandika kwa huyo ambaye kidole chake kishafika kwenye kitufe cha kununua.

Niseme kwanza kwa nini mtu wa Lamu anayeishi Leicester anajisumbua na vitu hivi. Babu yangu mzaa mama alikuwa na pete ya fedha yenye jiwe la akiki, na juu ya lile jiwe limechongwa jina lake kwa herufi za Kiarabu, lakini kinyume, ukilitazama juu ya jiwe huwezi kulisoma. Akimaliza kuandika hati anaipaka wino pete, anaigandamiza chini ya karatasi, na jina linatoka limenyooka sawasawa. Sisi watoto tulikuwa tunaivizia akienda kutia udhu, manake alikuwa akiivua anaiweka ukingoni mwa dirisha, basi tunaichukua mbio mpaka jikoni tunaigandamiza kwenye donge la unga wa mahamri wa bibi. Jina la babu linatokea kwenye unga, limesimama, kila nukta mahali pake. Bibi alikuwa akiyakuta mahamri mawili matatu yenye jina la mumewe na hakuwahi kuyakanda upya, anayakaanga hivyo hivyo. Mapenzi yangu na mihuri yametoka pale, na itakuja kuonekana mbele kwamba unga ule ndio umeniokolea pauni 165.

Sasa mzigo wenyewe. Ulifika siku ya nne, boksi dogo zuri, sponji nyeusi ndani, pete imekaa katikati, na cheti cha uhalisi chenye nembo ya dhahabu na sahihi. Kufungasha nawapa sifa zao, hakuna kilichotikisika. Cheti lakini nikakisoma mara mbili nikaona aliyekitoa ni duka lenyewe, yaani muuzaji anajitolea ushahidi mwenyewe, na kwenye sehemu ya kueleza pete imetoka wapi wameandika "mkusanyiko wa binafsi, Ulaya" basi, hakuna mwaka, hakuna mji, hakuna risiti ya mnada wala barua. Hapo moyo ulianza kupiga kidogo. Nikaiweka mezani nikasubiri mwanga wa asubuhi, manake taa ya jikoni inadanganya.

Kilichochongwa kwenye pete ni yule mtu ambaye ukishamuona mara moja humsahau tena. Kichwa cha jogoo, kifua cha binadamu kimevaa deraya ya askari wa Kirumi, na chini badala ya miguu kuna nyoka wawili wamejikunja huku na huku, vichwa juu. Mkono wa kulia ameshika mjeledi, wa kushoto ngao. Kwenye mawe ya kweli ndani ya ngao mara nyingi huwa kuna herufi tatu za Kigiriki, IAω, Iao, ambalo ni lile jina la Mungu wa Wayahudi jinsi lilivyokuwa likitamkwa na kuandikwa na watu wa Kigiriki. Kwa hiyo kwenye kitu kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba una jogoo, una jeshi la Roma, una nyoka, na una jina la Mungu wa Israeli. Wataalamu wameumiza vichwa kuhusu jogoo huyu, wako wanaosema siri iko kwenye Kiebrania manake neno "gever" ni mwanamume na pia ni jogoo, maelezo hayo mimi yananiingia akilini lakini wengine hawayakubali na mjadala bado upo.

Jina ambalo watu wamempachika ni Abraxas. Kwenye mawe yenyewe mara nyingi kabisa limeandikwa Abrasax, s kwanza halafu x. Na hapa msomaji wa pwani ataelewa haraka kuliko Mzungu yeyote, manake sisi wazee wetu walikuwa na hisabu ya abjadi, alifu moja, be mbili, jimu tatu, dali nne, na kila mtu nyumbani kwetu anajua 786 ni Bismillahi bila kuambiwa. Wagiriki walikuwa na hisabu hiyo hiyo kabla. Alfa 1, beta 2, ro 100, alfa 1, sigma 200, alfa 1, ksi 60. Jumlisha. Inakuja 365, siku za mwaka mzima. Nilipoifanya hesabu hii mara ya kwanza kwa kalamu nyuma ya bahasha nilikaa kimya dakika nzima, manake ni kama kumkuta mtu wa nchi ya mbali ambaye humjui anapika chakula cha kwenu kwa viungo vile vile.

Wagnostiki wanaingia hapa. Walikuwa vikundi vya karne ya 2 na kuendelea waliofundisha kwamba wokovu unapatikana kwa maarifa ya ndani, na kwamba dunia hii iliumbwa na nguvu ya chini, si na Mungu wa juu kabisa. Mmoja wa walimu wao alikuwa Basilides wa Alexandria, zama za Kaisari Hadrian aliyetawala 117 mpaka 138. Irenaeus askofu wa Lyon aliyeandika dhidi yao kama mwaka 180 anasema wafuasi wa Basilides walihesabu mbingu 365 na mkuu wa mbingu hizo wakamwita kwa jina hili kwa sababu ya namba yake. Sentensi hiyo moja ndiyo iliyosababisha, kuanzia karne ya 17, wasomi wa Ulaya waite kila kijiwe chenye jogoo-nyoka "jiwe la Kignostiki". Leo wanaoyachambua wanasema mengi yao hayana uhusiano na Basilides wala kanisa lake, ni hirizi za watu wa kawaida wa Misri na Shamu na kwingineko chini ya Roma, Wagiriki na Wayahudi na Wamisri wakikopeshana majina ya nguvu bila kuulizana dini. Kwa hiyo tangazo likisema "muhuri wa siri wa Wagnostiki" jua muuzaji anauza na hadithi pamoja na chuma, na hadithi ndiyo iliyopandisha bei.

Sasa neno muhuri, hapa nitakaa kidogo manake ndipo penye kiini.

Asubuhi nilikanda unga kidogo, unga wa ngano, maji, mafuta tone moja, nikaukanda mpaka ukawa laini kama sikio. Usitumie nta kwenye kitu kinachosemwa ni cha kale, nta inaingia kwenye mianya na kuitoa ni kazi, na unga nao ni kwa kitu kizima kisichobanduka tu, gandamiza polepole mara moja halafu futa. Nikaigandamiza pete, nikainyanyua. Jogoo akatoka amegeuka, mjeledi umehamia mkono wa kushoto, na herufi zote zimetoka kinyume kama kwenye kioo. Yaani pete inasomeka vizuri juu ya chuma, lakini ukiipiga kwenye kitu inaandika kinyume. Ni kinyume kabisa cha akiki ya babu.

Usikimbilie kusema feki kwa hilo peke yake, na mimi sikukimbilia. Mawe ya kweli ya aina hii mengi yako hivyo hivyo, maandishi yamechongwa yasomwe juu ya jiwe lenyewe, na ndiyo njia moja wanayotumia wataalamu kutofautisha muhuri na hirizi. Muhuri unasema na wengine, unapigwa kwenye nta au udongo usomwe na anayepokea barua, kwa hiyo fundi anachonga kinyume. Hirizi inasema na aliyeivaa na pia na hizo nguvu anazoziita, haina haja ya kupigwa popote. Na mara nyingi jiwe limeandikwa pande mbili, upande wa nyuma unalala kwenye ngozi hakuna anayeuona. Kwa hiyo lile neno la kwenye tangazo kwamba pete hii "ilitumika kufunga barua za siri za jamaa wa Kignostiki" unga wangu ulilikanusha kwa sekunde tatu. Barua hiyo ingefika imeandikwa kinyume.

Lakini kwa haki ya neno lenyewe, watu wa kale nao walikuwa wakiita hirizi muhuri. Kuna mawe ya hematiti, meusi yanayong'aa, yana mpanda farasi anamchoma mkuki mwanamke pepo aliyelala chini, pembeni limeandikwa jina la Solomon, na nyuma maneno mawili ya Kigiriki, "sphragis theou", muhuri wa Mungu. Muhuri hapo ni wa kufunga, kama unavyopiga lakiri mlango wa stoo ili mwizi ajue kuna mwenyewe. Aliyevaa amepigwa muhuri, pepo apite mbali. Na pete ya Nabii Suleiman nani kwetu hajaisikia, hadithi za majini kutii pete zimo midomoni mwa bibi zetu wote, na kule Mashariki ya Kati hadithi hiyo ilikuwa ikiandikwa kwa Kigiriki vilevile, kwamba Mikaeli alimletea Solomon pete ya muhuri ili awatumikishe mashetani kujenga hekalu.

Tangazo pia lilitaja Watempla, wale mashujaa wa vita vya msalaba, na hapo nilitaka kulipinga moja kwa moja kumbe kuna ukweli kidogo. Kuna hati ya Ufaransa ya mwaka 1214 yenye alama ya muhuri wa Watempla ambayo katikati yake yumo huyu huyu jogoo mwenye miguu ya nyoka, na pembeni maneno ya Kilatini yanayomaanisha siri ya Hekalu. Watu wakasherehekea wakasema Watempla walikuwa Wagnostiki wa kisirisiri. Ila zama hizo za kati maaskofu na mabwana wa Ulaya walikuwa wakiokota mawe ya Kirumi yaliyochongwa wanayazungushia chuma chenye jina lao wanayafanya mihuri, wengi bila kujua aliyechongwa ni nani, jiwe zuri la zamani basi. Hati moja haifanyi dini.

Turudi kwenye pete. Kilichoihukumu ni vitu vinne na navieleza kwa jinsi vilivyonijia.

Cha kwanza herufi. Fundi alizungusha jina kando ya jogoo, ΑΒΡΑΞΑΣ, na ile herufi ya mwisho, sigma, ameiweka kama unavyoiona kwenye kitabu cha hesabu, ile ya mistari minne iliyonyooka, Σ. Zama za Roma kwenye mawe haya sigma kwa kawaida huchongwa kama C, mwezi mwandamo, na omega huchongwa kama w ya duara. Na jina lenyewe x imetangulia s, tahajia ambayo imetufikia zaidi kwa njia ya vitabu vya Kilatini kuliko kwa mawe. Fundi huyu alijifunza jina kwenye intaneti.

Cha pili nilitumia lenzi ya kukuzia mara kumi, ile ya sonara, pauni 8 tu nunueni. Chuma kilichochongwa kwa patasi kina kingo kali, unaona mahali patasi ilipoingia na mahali ilipoteleza, mistari haifanani. Kwenye pete hii kingo zote ni za mviringo, laini, kama sabuni iliyotumika, hata zile sehemu za ndani kabisa ambazo kidole wala nguo haviwezi kuzisugua. Na kwenye shingo ya jogoo kulikuwa na vitundu viwili vidogo vya duara kabisa, mapovu ya hewa. Ni kitu kilichomiminwa kwenye kalibu, na kalibu yenyewe imepigwa kutoka kwa nakala nyingine. Warumi walimimina pete za bronzi ndio, lakini picha na maandishi ya namna hii ulitegemea kuona mkono wa mtu humo.

Cha tatu kutu. Picha za duka zilikuwa zinaonyesha kijani kizuri cha bahari na ndicho kilichonivutia, nakiri. Nikachukua pamba ya masikio nikailowesha maji ya vuguvugu, nikagusa upande wa ndani wa pete mahali padogo. Pamba ikatoka kijani. Kutu ya kweli ya shaba haitoki hivyo, imeota kutoka ndani ya chuma chenyewe kwa mamia ya miaka, mara nyingi chini ya kijani kuna tabaka la wekundu, na inashika kama ngozi. Hii ilikuwa rangi. Chini yake chuma kilikuwa cha njano kama kitasa kipya cha mlango. (Njano peke yake si hoja, Warumi nao walikuwa na shaba ya njano. Ila njano inayong'aa chini ya rangi inayotoka kwa maji, hapo hakuna cha kujadili.)

Cha nne ndicho kilichoniuma. Ndani ya pete kulikuwa na mstari mwembamba unaopita duara zima, mshono wa kalibu ya vipande viwili, na haukuwa umechakaa hata kidogo. Pete iliyovaliwa na binadamu inalika ndani. Ya babu ilikuwa imelika mpaka upande wa kiganja umekuwa mwembamba kama uzi, miaka ya kushika jembe na tasbihi na mikono ya wajukuu. Hii haikuwahi kuvaliwa na mtu. Hakuna aliyeiamini, hakuna aliyelala nayo akiwa na homa. Nikaivua nikairudisha kwenye sponji.

Huduma baada ya mauzo sasa. Niliandika siku ile ile, kwa adabu, nikaweka picha sita. Jibu la kwanza lilikuja baada ya siku tatu, ati vitu vya kale havirudishwi na kila mnunuzi ana maoni yake. Hapo wengi wanakata tamaa, msikate. Hapa Uingereza ukinunua mtandaoni kwa mfanyabiashara, kanuni za 2013 zinakupa siku 14 tangu mzigo kufika za kubadilisha mawazo bila kutoa sababu, na sheria ya haki za mnunuzi ya 2015 inasema kitu lazima kilingane na maelezo yake. Niliwaandikia sentensi mbili hizo tu, bila tusi, bila herufi kubwa. Jibu la pili lilikuja baada ya saa moja na lilikuwa na lebo ya kurudishia mzigo. Hela iliingia siku ya 19, kamili pamoja na posta. Ukiniuliza nyota ngapi nasema moja, na hiyo ni ya kufungasha. Kurudisha hela si wema, na pete ile ile, nimeihakiki kwa vile vitundu viwili vya shingoni, ilirudi kwenye tangazo wiki iliyofuata kwa maneno yale yale ya karne ya 2. Hilo limenikera kuliko kitu chochote, manake sasa wanajua.

Watu wawili watatu niliowasimulia wameniuliza, je ingekuwa ya kweli ingefanya kazi? Wanamaanisha kinga, tumbo, uzazi, hizo ndizo zilikuwa kazi za hirizi hizi. Mimi siivai kwa hilo na sitoi fatwa ya mtu, ila kuna jibu la zamani zuri. Kuna nyoka mwingine kwenye mawe haya, anaitwa Chnoubis, kichwa cha simba chenye miale kama jua na mwili wa nyoka, alikuwa wa maradhi ya tumbo. Daktari Galeno wa karne ya 2 aliandika kwamba watu huchonga nyoka mwenye miale kwenye jiwe la yaspi la kijani kwa ajili ya tumbo, wakifuata maneno ya mfalme wa Misri anayeitwa Nechepso. Naye akajaribu. Akatengeneza mkufu wa yaspi hizo bila kuchongwa kitu, akauning'iniza mpaka mawe yaguse mdomo wa tumbo, akasema yanasaidia vilevile kama yaliyochongwa. Nampenda mtu huyu, hakukejeli na hakukubali tu, alipima. Ni kile kile cha unga wa mahamri.

Kwa anayetaka kutazama kabla ya kununua, na hii ni bure kabisa: Makumbusho ya Sanaa ya Budapest wana hazina ya mawe haya mtandaoni, imepewa jina la Campbell Bonner yule profesa wa Michigan, ina maelfu ya vipande vyenye picha za mbele na nyuma na maandishi yamesomwa herufi kwa herufi. Kaa nayo jioni tatu. Jicho lako litabadilika, utaanza kuona patasi. British Museum ya London nayo kuingia ni bure na mkusanyiko wao ni mkubwa. Utagundua vilevile kwamba picha hizi nyumbani kwao ni kwenye mawe, yaspi, hematiti, akiki na jamaa zake, na kwenye chuma huwa zaidi ni vibati vyembamba vya dhahabu na fedha vilivyokunjwa kwenye kikebe cha shingoni, au vidani vya shaba vya zama za baadaye, na risasi ndiyo ilikuwa ya laana. Kuna mapishi yamebaki kwenye papirasi, karatasi ya kale ya mafunjo, iliyoko Leiden, Uholanzi, yanaeleza pete ya mafanikio, na yanataka yaspi ya rangi ya anga, achongwe nyoka anayeuma mkia wake, hilali yenye nyota mbili pembeni, jua juu yake, na Abrasax limeandikwa mbele na nyuma. Kazi yote iko kwenye jiwe. Kwa hiyo pete nzima ya bronzi yenye Abraxas mkubwa usoni, nzito, imejaa herufi, hilo tu lilitakiwa linisimamishe kidogo.

Na karatasi, jamani, ulizeni karatasi. Misri ilipiga marufuku biashara ya mambo ya kale kwa sheria namba 117 ya 1983, na mkataba wa UNESCO wa kuzuia biashara haramu ya vitu hivi ni wa 1970. Kitu kinachosemwa kimetoka Misri kisipokuwa na ushahidi kwamba kilishatoka zamani, kikiwa feki umeibiwa wewe, kikiwa cha kweli huenda ameibiwa mwingine, na Shamu na Iraki miaka hii mashimo ya waporaji yanaonekana hata kwenye picha za setilaiti. Mimi nimetoka mji wenye magofu na makaburi ya kale, najua mtu anavyojisikia akikuta mlango wa kuchonga wa nyumba ya jirani umeng'olewa umeuzwa.

Miezi miwili baadaye nilinunua kitu kingine, kwa mzee mmoja mwenye meza kwenye maonyesho ya sarafu, pauni 240. Ni kidani cha shaba, kirefu kama dole gumba, Shamu au Palestina, karne ya 6 hivi. Mbele mpanda farasi na mkuki wake, pembeni maneno ya Kigiriki "Mungu mmoja ashindaye maovu". Nyuma kuna jicho, husuda, limezungukwa, visu vinalichoma kutoka juu na wanyama wanalirarua kutoka chini, simba, nyoka, nge, ndege. Mzee hakunipa cheti. Alinipa bahasha ya kahawia yenye risiti ya mnada ya 1971 na kadi ya mwenye mkusanyiko iliyopigwa taipu, na akaniambia mwenyewe bila kuulizwa kwamba sikio la kutundikia limewahi kuvunjika likaunganishwa. Akaniazima lenzi yake akaenda kunywa chai. Nilikitazama robo saa. Kwenye herufi K patasi iliteleza, mstari umepitiliza mpaka kwenye kwato ya farasi, fundi akaendelea na kazi. Sikio lile lililovunjika limelika kwa ndani upande mmoja, uzi ulipita pale miaka mingi.

Nyota tano huyo mzee, na ya sita ningempa kwa ile chai.

Kidani nakiweka kwenye kikopo kisichopitisha hewa pamoja na vile vipakiti vya kufyonza unyevu vinavyokuja na viatu vipya, navibadilisha, manake shaba ya kale ikipata unyevu huota vidoti vya unga wa kijani kibichi hafifu, ni ugonjwa wa chumvi ulioko ndani ya chuma na unakula mpaka hakibaki kitu. Kila Jumapili nakifungua nakitazama kwa lenzi, kwanza kwenye sikio, halafu kwenye K. Mpaka leo hakijaota.